Kigezo cha Kumi na Nne

Rispa Odoyo alifika Nyamakendo siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, mgongoni mwa bodaboda, amelikumbatia kabrasha lake la fomu kama mtoto mchanga. Aliikuta ofisi ya kijiji iko wazi, bendera inapepea, ndani hakuna mtu. Akapiga hodi mara tatu. Aliyemwitikia ni mbuzi, naye alikuwa amesimama juu ya meza ya mtendaji akitafuna daftari la wageni.

"Yawa!" akasema Rispa. "Hata mgeni wa jana amekwisha liwa!"

Ngoja nikwambie huyu Rispa ni nani, usije ukadhani ni mtu wa hivi hivi. Alikuwa mtaalamu wa utawala wa umma, mwenye shahada mbili, na kwa miaka kumi na moja kazi yake katika halmashauri ilikuwa kupima utendaji wa serikali. Anaingia ofisi ya kijiji, anaingia zahanati, anaingia shule, anauliza: watumishi wapo? Mwananchi anasubiri muda gani? Malalamiko yanajibiwa? Kisha anatoa alama. Vigezo vilikuwa ishirini, amevitunga mwenyewe, na alivijua kwa kichwa kama Baba Yetu. Watu walimwita Mama Asilimia. Mbele za watu alijifanya jina limemkera, lakini moyoni alilipenda hadi basi.

Kitu kimoja tu kilimuuma. Katika miaka hiyo yote alikuwa ameandika mapendekezo mia tatu na ushee, na kwa kadiri alivyojua hakuna hata moja lililofanyiwa kazi. Watu waliyapokea, wakamshukuru, wakampa soda baridi, wakayafungia kabatini.

Sasa Dodoma ilikuwa inamwita. Kulikuwa na nafasi ya kuongoza kitengo cha kupima halmashauri za nchi nzima, na jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Sharti lilikuwa moja: amalize wilaya yake yote, kila kijiji na fomu yake na sahihi yake, kabla ya Alhamisi saa kumi jioni. Vijiji vingine vyote alikwisha vimaliza. Kilibaki hiki Nyamakendo, kule mbele ya Nyakunguru, kijiji kisichokuwa na habari yoyote mpaka wiki tatu zilizopita, rashi ya dhahabu, yaani watu kukimbilia machimbo mapya, ilipolipuka.

Nyuma ya ofisi kulikuwa na kelele kama za mnada wa ng'ombe. Rispa akamshusha mbuzi, akazunguka. Lahaula! Watu mia nne walikuwa pale, kama si zaidi. Maturubai ya bluu kila mahali, makarasha yanasaga mawe na kutimua vumbi, mama anakaanga chapati, kinyozi ana kioo kimoja na wateja tisa. Watu wa Natta walikuwepo, wa Robanda walikuwepo, wameachia tembo mahindi wayale kwa amani. Vijana wa Migori nao walikwisha vuka mpaka pale Sirari na kuanza kuambiana "niaje" mbele ya wazee bila aibu.

Rispa akamshika mkono kijana wa kwanza. "Samahani, mtendaji wa kijiji yuko wapi?"

"Yuko chooni."

"Haya, nitamsubiri."

Kijana akamtazama kwa huruma. "Dada, utasubiri mpaka Krismasi. Yuko chooni wiki ya tatu hii."

Aliyemfumbulia fumbo hilo ni Mzee Nyamhanga, mwenyekiti wa kijiji, mzee mrefu aliyevaa koti la suti na gambuti. Rispa akamwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia "Marahaba, binti yangu," akacheka hadi koti likatikisika.

"Wewe ndiye Odoyo wa ile barua?"

"Barua gani, mzee?"

"Ya kigezo cha kumi na nne! Kwamba ofisi yetu haina choo, tumepata sifuri, tuchimbe mara moja. Basi mtendaji wetu, Heche, akasema safari hii Mama Asilimia hatupati. Akachimba. Futi ya tisa akakuta jiwe linang'aa. Tangu siku hiyo hajachimba choo tena, anachimba utajiri."

Rispa akaikumbuka hesabu yake. Mia tatu na ushee, na moja lilikuwa limefanywa kumbe! Alitaka kucheka, akataka kukaa chini, akaishia kuuliza kwa sauti ya ofisini kama angeweza kumhoji mhusika.

Hapo pana desturi ya machimbo. Mtu akishuka, anashuka kwa zamu, na akipanda kabla zamu yake haijaisha, zamu imekwenda na maji. Heche hakuwa tayari kupoteza zamu kwa ajili ya fomu. Kwa hiyo Rispa akapiga magoti ukingoni, akainamisha kichwa ndani ya shimo, akaanza kazi.

"Kigezo cha kwanza! Mtumishi yupo kituoni?"

"Nipo!" sauti ikapanda kutoka futi arobaini.

"Kituo ni ofisi!"

"Ofisi iko hatua sita kutoka hapa, bosi! Hata mbuzi nilimsikia akiingia!"

Watu wakaanza kusogea. Mama wa chapati akaacha kikaango chake.

"Kigezo cha tisa! Mwananchi anasubiri muda gani kuhudumiwa?"

"Hasubiri! Anainama tu hapo ulipoinama wewe, anasema shida yake!"

Na kweli, Mungu si Athumani, mama mmoja alikuwa nyuma ya Rispa na barua ya utambulisho ya mwanawe inayohitaji mhuri. Akasema shida yake shimoni. Ndoo ikashushwa na barua ndani. Kamba ikatikiswa, ndoo ikapandishwa: barua imesainiwa, imegongwa mhuri, ina tope kidogo pembeni. Rispa alikuwa ametazama saa. Dakika nne! Makao makuu, barua kama ile ingelala siku nne, na siku ya tano ungeambiwa mwenye mhuri yuko semina. Akaandika "dakika 4" kwa furaha ya kitaalamu, ambayo kama hujawahi kuipata siwezi kukueleza.

"Kigezo cha kumi na nne!" akaita. "Ofisi ina choo?"

Kisha Heche akajibu taratibu, "Kinaendelea kuchimbwa."

Watu wakaangua kicheko, na Rispa naye akashindwa kujizuia, akacheka hadi kalamu ikamponyoka na kutumbukia. Aliifuata kwa macho, na hapo kicheko kikamkauka. Kuta za shimo zilikuwa tupu. Hapakuwa na mti hata mmoja wa kuzishikilia, na pale kalamu ilipogusa, udongo uliendelea kumomonyoka na kudondoka kwa muda mrefu baada ya kalamu yenyewe kupita.

"Heche! Matimba yako wapi?"

"Kukata miti ni siku mbili, bosi! Siku mbili ni mawe mangapi?"

Rispa aliazima kalamu, akaandika pendekezo: kuta za shimo ziwekewe matimba kabla ya mtu yeyote kushuka tena. Akalisoma kwa sauti. Watu wakaitikia, "Asante sana, mama." Mmoja akamletea soda.

Jioni alilala kwa Beatrice, muuguzi wa zahanati, ambaye ndiye mke wa Heche. Walipokuwa wakisonga ugali, Beatrice aliacha mwiko mara mbili na kwenda mlangoni kusikiliza.

"Kila ardhi ikipiga kishindo, dada, nahesabu nyundo," alisema. "Ya Heche naijua. Isiposikika, na moyo wangu unasimama."

"Umemwambia apande?"

"Nimemwambia, mama yake amemwambia, mchungaji amemwambia. Dhahabu imemziba masikio. Hamsikii mtu ila mwenye shimo, na shimo lenyewe halina mwenyewe!"

Hilo ndilo lililokuwa tatizo la Nyamakendo. Kwenye machimbo kila shimo lina mwenyewe, na neno lake ni sheria: akisema shuka mnashuka, akisema panda mnapanda. Lakini hili lilikuwa kwenye ardhi ya serikali, na serikali haina magoti ya kukaa nayo chini mkasemezana. Koo mbili zilikuwa zimelivutana hadi mapanga yakaonekana. Wazee wakaamua: kesho ritongo, baraza la kijiji zima. Mwenye shimo apatikane, ama shimo lifukiwe kabla ya adhuhuri, kwa maana shimo lisilo na mwenyewe huishia kwenye damu.

Alhamisi saa tatu ritongo likakaa. Rispa alikuwa pembeni na kabrasha lake, Heche akiwa amekwisha tia sahihi zote kati ya zamu na zamu. Ilibaki sahihi moja tu, ya Rispa mwenyewe, chini kabisa ya fomu. Aliona Dodoma hii hapa, karibu kuinusa. Koo zikabishana saa nzima: huyu alitoa majembe, yule alitoa kamba, babu yake fulani alichunga hapo. Ndipo Mzee Nyamhanga akasimama, akatoa karatasi kutoka mfuko wa ndani wa koti.

"Jamani, kwa desturi yetu shimo ni la aliyeagiza lichimbwe, si la aliyeshika jembe. Ni kweli au si kweli?"

"Kweli!"

"Basi sikilizeni. 'Mnaagizwa kuchimba shimo nyuma ya ofisi mara moja, bila kuchelewa.' Imeandikwa na Rispa Odoyo."

Vichwa mia nne vikageuka. Rispa akatazama nyuma yake kuona kuna nani. Hakukuwa na mtu.

"Mimi?" akasema. "Wazee wangu, mimi nilitaka choo!"

"Na sisi tulitaka maji, tukaletewa bomba," akajibu bibi mmoja mbele. "Mtu hapati alichotaka, mama. Anapata kilichotoka."

Vigelegele vikapasua hewa! Koo zote mbili zilifurahi, kwa kuwa jambo la kupendeza kuliko kushinda ni jirani yako kutoshinda. Wanawake walimnyanyua Rispa juu juu, kiatu kimoja kikabaki chini, na yeye akipiga kelele juu ya mabega yao, "Niteremsheni! Mimi ni mtumishi wa umma!"

Walipomteremsha aliwaeleza. Chini ya fomu kuna tamko: *Mimi mpimaji sina maslahi yoyote katika ofisi ninayoipima.* Akikubali shimo, hawezi kutia sahihi. Asipotia sahihi, tathmini imekufa, na Dodoma imekufa nayo.

"Basi kataa," akasema Mzee Nyamhanga kwa upole. "Si dhambi. Tutawapandisha walio chini, tufukie sasa hivi."

Vijana wakanyanyua makoleo, lakini kwa namna ambayo hata mtoto angeielewa. Wangefukia mchana, na jua likishazama wangefukua, kila mtu kwa upande wake, bila zamu, bila mwenyewe, bila matimba. Rispa alimwona Heche amekaa juu ya tofali, vumbi hadi kwenye kope, anamega chapati na Beatrice. Beatrice hakuwa anakula. Alikuwa anamtazama Rispa.

Akajitenga, akampigia mkuu wake wa idara, Bwana Kisyeri.

"Tia sahihi, wafukie, uje," akasema Kisyeri, na hakusema kwa ubaya. "Rispa, miaka kumi na moja! Mwenzako Simioni naye anaimezea mate nafasi hiyo. Nimekutetea mimi."

"Nakupigia tena, mkuu. Dakika mbili." Akarudi kwa mzee. "Mwenye shimo akiagiza jambo, linafanywa lini?"

"Lini? Anapoagiza."

"Si baada ya kikao?"

"Kikao cha nini tena, binti yangu?"

Basi, ndugu yangu, kitu kikamruka Rispa kifuani. Alijisikia wepesi wa ajabu, kama mtu aliyebeba gunia kutoka sokoni na mtu akampokea bila kuombwa. Akapiga simu.

"Mkuu, siwezi kutia sahihi. Nina maslahi."

"Maslahi gani wewe, na mshahara ule?"

"Nina shimo."

"Rispa, unaumwa?"

"Sijawahi kuwa mzima hivi."

"Kwa hiyo unaiacha Dodoma kwa sababu ya choo?"

"Ndiyo, mkuu. Kwa heshima zote." Akakata simu, na machozi yakamtoka, asikudanganye mtu. Miaka kumi na moja si mchezo, na Dodoma aliitaka kwelikweli. Lakini alikuwa anacheka katikati ya machozi hayo hayo, mabega yanatikisika, na watu hawakujua wampe pole au hongera. Wakampa vyote.

Akapanda juu ya tofali la Heche. "Mimi ndiye mwenye shimo!"

"Ndiwe!"

"Wote walio chini, panda!"

Kamba ikatikiswa. Wakapanda mmoja mmoja, kumi na wanane, wanakenua meno kwa jua. Heche, aliyekuwa juu tayari kwa ajili ya ritongo, ndiye wa kumi na tisa, na hiyo ndiyo zamu nzima. Rispa hakuamini macho yake. Alikuwa hajaambatanisha hata muhtasari!

"Hakuna atakayeshuka mpaka matimba yawekwe kutoka juu hadi chini!"

Mapanga yaliyokuwa ya kukatana yakaenda kukata mikaratusi. Rispa akaendelea, maana alikuwa amelewa sasa. Makarasha yahamie mbali na zahanati: yakahama, yakisukumwa na watu ishirini wakiimba. Mtendaji akae ofisini kila asubuhi hadi saa sita: Heche akanuna, akakubali. Akajaribu jambo dogo, la kujaribu tu, kwamba kinyozi akate nywele za wazee kwanza. Kinyozi akamwinua kijana nusu kichwa na kumkalisha Mzee Nyamhanga. Kufikia saa saba mchana Rispa alikuwa ametoa maagizo tisa, na yote tisa yamefanyika. Asilimia mia! Alitaka kumpigia mtu simu amwambie, na hakuwa na wa kumpigia.

Saa nane mvua ikaja, ile ya kwetu isiyobisha hodi. Miti ilikuwa imelundikwa ukingoni, bado haijashushwa hata mmoja. Watu wakajibanza chini ya maturubai na manung'uniko yakaanza. Mvua ya saa moja ni magunia mangapi hayo? Kijana wa Migori akasema mwenye shimo ni muoga, na wenzake wawili wakacheka.

Heche ndiye aliyechoka kungoja. Akaenda ukingoni, akashika kamba.

"Nyundo yangu iko chini, bosi. Dakika moja tu, nairukia na kurudi."

"Hapana."

"Ni nyundo ya marehemu baba."

"Heche, mimi ni nani hapa?"

Heche alisimama, mguu mmoja tayari uko kwenye kitanzi cha kamba, maji yanamtiririka puani. Uliona kabisa mtu mzima anapigana na nafsi yake. Rispa akamfuata kwenye mvua, bila mwavuli, kiatu kimoja. "Nyundo itangoja," akasema. "Rudi nyuma."

Akatoa mguu. Akarudi hatua moja, mbili, tano, amekasirika, anaguna kwa Kikurya maneno ambayo Rispa hakuyajua na hakuuliza.

Ardhi ikaguna pia. Haikupiga kelele kubwa. Ilishusha pumzi tu, kama mzee anayekaa kitini, na ukingo wote ukaingia ndani: miti, kamba, ndoo, na ukuta wa nyuma wa ofisi ya serikali pamoja na picha zake na kalenda yake. Pale palipokuwa na shimo pakawa na bakuli la tope linalochemka mapovu.

Mvua tu. Kisha Beatrice akatokea mbio kutoka zahanati, mkoba wa dawa kifuani, miguu mitupu, mdomo wazi bila sauti.

"Zamu!" akaita Rispa. "Wa zamu wote, njooni mbele yangu! Sasa hivi!"

Wakaja. Akawahesabu kwa kuwagusa bega, mmoja mmoja, akitamka namba kwa nguvu. Kumi na nane. Akarudia, safari hii taratibu, akiwatazama usoni. Kumi na nane tena.

"Nani hayupo?" akapiga kelele, sauti imempasuka. "Jamani, nani hayupo?"

Beatrice alikuwa amefika, anahema, anamtazama Rispa. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi mkoba ukamwanguka, akakaa kwenye tope, analia na kucheka vyote pamoja. "Na huyo uliyemshika shati, dada?"

Rispa akageuka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunja shati la Heche kwa nyuma, umelikunja hadi vidole vimekuwa vyeupe, na hakujua amelishika tangu saa ngapi. Heche alikuwa amesimama pale pale, meno yanagongana, anatazama mahali alipokuwa ameweka mguu.

"Kumi na tisa," akasema Rispa.

Wakapiga yowe la furaha, mia nne wote, juu ya dhahabu iliyozama na ofisi iliyobomoka, wakarukaruka kwenye mvua kama watu waliopata, na kijana wa Migori ndiye aliyeruka juu kuliko wote. Saa kumi ikapita na hakuna aliyeitazama. Rispa aliwapanga tena mstari mmoja, akaanza mwanzo, bega kwa bega, moja, mbili, tatu. Hakuwa na shaka yoyote na hesabu yake. Alikuwa anasikia raha tu kuwagusa.